Leseni ya Mchana, Barabara ya Usiku

Mpwa wangu alifaulu mtihani wa udereva Jumanne. Ijumaa usiku alikuwa ameshika usukani kwenye barabara ya Thika, Nairobi, mvua inanyesha, binamu zake watatu wanapiga kelele kiti cha nyuma, nami kando yake nikijifanya sina wasiwasi.

Tulipopita Pangani, kioo cha mbele kikaingia ukungu.

"Anti, sioni!"

Akaongeza kasi ya waipa. Lakini ukungu ulikuwa wa ndani, pumzi za watu watano. Nyuma yetu matatu inatumulika taa kali, inataka njia. Nikawasha feni ya kioo, nikavua leso yangu, nikafuta upande wake. Msichana alikuwa ameinama kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

Si mjinga. Ule ubao wa mtihani wenye barabara zilizochorwa na vigari vya kuchezea anaujua kwa moyo. Shida ni kwamba masomo yake yote yalikuwa ya mchana, gari moja wanafunzi wanne, kila mmoja akisubiri zamu. Herufi L ya mwanafunzi ilibanduliwa kabla hajaendesha gizani hata mara moja.

Ndiyo maana nataka leseni ya ngazi hata kwa gari dogo. Kwa lori na matatu tayari sheria yetu inadai uzoefu. New Zealand wana mfumo huu tangu 1987: unaanza mwanafunzi, unapanda hadi leseni yenye masharti, kisha kamili. Mwenye masharti haruhusiwi kuendesha peke yake kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na abiria anaobeba wana mipaka. Wamelenga palepale: usiku, na rafiki wanaopiga kelele nyuma.

Lakini tusinakili kila kitu. Jimbo la New South Wales, Australia, linamtaka mwanafunzi kijana aandike saa 120 za kuendesha, 20 kati yake za usiku. Nani Kayole au Umoja ana gari la kumkalisha mtoto saa 120? Huko kwenyewe saa moja na mwalimu huhesabiwa tatu, hadi kikomo fulani. Kwetu ningeridhika na saa kumi za usiku na mwalimu, angalau mbili kwenye mvua. Ada itapanda, najua. Na kibao kipya cha P, cha kumtambulisha dereva mwenye leseni ya masharti, sina shaka, kitageuzwa sababu ya kuombwa chai barabarani. Afadhali masharti yabanwe kabla ya mtihani kuliko kuachiwa askari wa kizuizi cha barabarani.

Kwa sasa mwenye sheria ni mimi, maana gari ni langu. Mchana anachukua funguo. Usiku tunatoka wawili tu, na binamu wanapanda matatu.