Python ilivyopika mayai ya shangazi

Nimeandika Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, miaka saba sasa, na ndiyo inayonilisha. Nasema mapema ili mtu asije akanihesabu pamoja na wale wanaodharau kila lugha isiyowaumiza kichwa. Lakini kuna kazi ambazo ukizipa Python, au JavaScript, au yoyote ya hizi lugha za kiwango cha juu, zinazokuficha mambo ya ndani ya mashine, unajitafutia balaa. Balaa langu mimi lilikuwa na harufu.

Shangazi yangu hapa Busia, upande wa Uganda, anafuga kuku. Mwaka juzi aliniomba nimtengenezee mashine ya kutotolesha mayai. Kwa majivuno ya mtu aliyesomea kompyuta nikamjibu, "Shangazi, hiyo ni kazi ya siku mbili." Sanduku alilitengeneza seremala jirani. Nikaweka balbu mbili za kutoa joto, feni ndogo, rilei ya kuwasha na kuzima, na sensa ya DHT22 ya kupima joto na unyevu. Ubongo wa mashine ulikuwa Raspberry Pi, kompyuta kamili ya ukubwa wa kiganja, niliyoiagiza Kampala, ikaja na teksi (jirani zetu wa Kenya wangesema matatu). Programu yenyewe ilikuwa mistari arobaini hivi. Joto likishuka chini ya nyuzi 37.5, washa balbu, likipanda, zima. Mtoto wa sekondari angeielewa.

Yai la kuku hutaka siku 21. Tulitia trei tatu, mayai 90. Siku ya saba tuliyamulika kwa tochi gizani: mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na katikati kitone cheusi kinatikisika. Shangazi alipiga kigelegele hadi majirani wakauliza kuna nini.

Usiku wa siku ya 16 programu ilikufa.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yangu. DHT22 hutuma biti 40, yaani 0 na 1 arobaini, mfululizo kwenye waya mmoja, na kinachotofautisha 0 na 1 ni muda tu ambao waya unabaki na umeme: kama maikrosekunde 27 (sehemu za milioni za sekunde) ni 0, kama 70 ni 1. Anayesikiliza hana ruhusa ya kupepesa jicho. Sasa Python kwenye Linux, mfumo endeshi wa Pi, haikuahidi jambo hilo hata siku moja. Kuna mkalimani anayesoma msimbo wako hatua kwa hatua, na chini yake kuna mfumo endeshi wenye shughuli nyingine chungu nzima. Ukiwekwa kando kidogo tu, biti imeshapita. Maktaba niliyotumia, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ilijua hivyo. Sehemu yake ya kusikiliza sensa imeandikwa kwa C, lugha iliyo karibu zaidi na mashine yenyewe. Hata hivyo ilikuwa ikijaribu, inakosa, inajaribu tena, na ikishindwa kabisa inakurudishia None, yaani hakuna kitu.

Usiku ule ikarudisha None. Mstari wangu ukauliza kama None ni ndogo kuliko 37.5. Python ikasema swali hilo halina maana, ikaanguka. Na ilipoanguka, pini ya rilei ilibaki vilevile ilivyoachwa: balbu zinawaka.

Alfajiri simu ya shangazi. Hakusalimia. Nilipofika, kipimajoto cha kioo ndani ya sanduku kilisoma 44. Alichukua yai moja akalivunja kwenye sahani mbele yangu. Kifaranga alikuwa ameshaota manyoya, mdomo umeshachongoka, kichwa amekikunja kuelekea kwapani. Kimya.

"Nilikuomba vifaranga, mwanangu. Wewe umenichemshia."

Rafiki yangu mmoja, programa pia, alinisuta niliposimulia: kosa ni lako, si la Python, ungeangalia None kwanza. Kweli kabisa. Mstari mmoja ungeokoa mayai yote. Na ndiyo, Raspberry Pi ina saa ya ulinzi ya kuiwasha upya ikiganda, sikuitumia. Ila tuulizane: kwa nini kosa lenyewe lilisubiri siku 16 lijitokeze, tena usiku? Kwa sababu lugha hii haikuulizi mapema kitu gani ni namba na kitu gani si namba. Kwenye tovuti ya duka, kosa la namna hiyo linamletea mteja ukurasa wa hitilafu, anafungua tena, maisha yanaendelea. Yai halifunguliwi tena.

Kuna jambo jingine. Lugha ya juu haiji peke yake, inakuja na ukoo wake. Python ya kawaida inataka mkalimani, mkalimani kwenye Pi anataka Linux, Linux inataka memori kadi, na memori kadi haipendi umeme ukatwe ghafla wakati inaandikwa. Umeme wetu nao unakatika bila hodi. Kwa hiyo unanunua betri, halafu unagundua betri inalisha kompyuta nzima ili ijibu swali moja kila sekunde chache: joto limeshuka au halijashuka?

Mashine ya pili niliijenga na ATmega328P, kile kidude cha kwenye bodi ya Arduino Uno, kinachoendesha programu moja tu bila mfumo endeshi, nikaiandika kwa C. Nafasi ya programu ni kilobaiti 32, kumbukumbu ya kufanyia kazi kilobaiti 2. Ukitaka kuona ufinyu huo, fikiri hivi: namba 1 tupu katika Python ya kompyuta ya biti 64 inakula baiti 28. Zigawanye baiti 2,048 kwa 28, unapata namba 73, na hujaandika kitu kingine chochote. Katika C, namba ndogo kama hiyo inakaa kwenye baiti moja. Kidude hiki kinapiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, na yote ni ya kwangu. Maikrosekunde 70 ni zaidi ya mapigo elfu moja ya kuisikiliza sensa kwa utulivu. Programu ikiganda, saa ya ulinzi inakianzisha upya ndani ya sekunde zisizozidi nane, na jambo la kwanza nililoandika pale mwanzo ni kuzima balbu.

Je, C ilikuwa tamu? Hapana. Nilipoteza jioni nzima kwa sababu namba ilifurika ikarudi hasi, na C haikuninong'oneza lolote. Yenyewe inakuacha uanguke, tofauti ni kwamba ulijua unatembea ukingoni.

Hoja tunayofundishwa ni kwamba kompyuta ni rahisi, muda wa programa ndio ghali. Ni hoja nzuri kwa aliyekodi seva penye umeme usiozimika. Mtu huyohuyo akiniambia mfumo wa michango ya kanisa au hesabu za SACCO niuandike kwa C++, nitacheka. Nimewahi kuona mtu akijaribu, na hadi leo wanatumia daftari. Kuna pia njia ya kati: MicroPython, aliyoianzisha Damien George mwaka 2013, inaishi kwenye vidude vidogo bila Linux. Kwa mashine ya mayai ingetosha, maana joto halikimbii. Kwa kitu kinachohesabu maikrosekunde nisingeiamini kwa kila kitu, maana kuna wakati inasimama kufagia kumbukumbu yake, na si wewe unayeamua ni lini.

Siku hizi sianzi na swali la kasi. Nauliza: programu hii ikifa saa nane usiku, ni kitu gani kitabaki kimewaka?

Trei tatu za mwezi uliopita zilitoa vifaranga 71. Juzi shangazi alinipigia tena, safari hii alisalimia vizuri. Anataka mashine imtumie ujumbe kwenye simu joto likienda kombo, na orodha ya wateja wanaomdai vifaranga. Hiyo orodha na ujumbe nitaandika kwa Python, kwenye kompyuta iliyo mbali na balbu.