Kamusi ya Kinorwei: kwanza uliza ilitungiwa nani

Anayejifunza Kinorwei kupitia Kiingereza huambiwa maneno machache tu: tafuta kamusi mpya, nene, iliyochapwa Norwei kwenyewe. Ushauri huo una mashiko. Kinorwei kina namna mbili rasmi za kuandikwa: tahajia ya Bokmål ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 na ya Nynorsk mwaka 2012, na kamusi ya miaka ya sitini haitakupa nettbrett, yaani kishikwambi. Lakini upya na unene vimefunika swali lililopaswa kutangulia: mtunzi alikuwa anamwandikia nani?

Kamusi za Kinorwei na Kiingereza zinazotungwa Norwei kwa kawaida humlenga Mnorwei anayetaka kuandika Kiingereza. Huyo hana haja ya kuambiwa jinsia ya nomino za lugha yake (aina ya ngeli, inayoonyeshwa na vijineno kama en au et), kama Mswahili asivyo na haja ya kuambiwa kwamba wingi wa mti ni miti. Basi mtunzi anabana nafasi. Jinsia, wingi na toni huweza kuachwa, na matamshi yanayofafanuliwa ni ya Kiingereza. Kwa mteja wake hajakosea kitu. Anayeumia ni mgeni. Tazama neno fyr: en fyr ni jamaa, mwanamume fulani, et fyr ni mnara wa taa unaoongoza meli. Kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, kikikupa maana zote mbili bila jinsia, kazi ya kubahatisha imebaki kwako.

Sehemu ya Kiingereza kwenda Kinorwei ndiyo yenye madhara zaidi, na sioni likisemwa vya kutosha. Tafuta "think". Utakuta tenke, tro, synes, yametenganishwa kwa koma na basi. Mnorwei anajua la kuchukua; mgeni huchukua la kwanza. Sasa anataka kusifu filamu aliyoitazama jana. Linalofaa ni synes, kwa kuwa anatoa maoni juu ya kitu alichokiona mwenyewe. Akisema tro, amewaambia watu kwamba hajaitazama, anakisia tu. Tenke ni la kuwaza, akili ikiwa kazini. Ajabu ni kwamba Kiswahili kinakaribia sana mgawanyo huo: naona ni nzuri, nadhani ni nzuri, nawaza. Mkongomani aliyehamia Norwei na kupitia kamusi ya Kiingereza anavuliwa mlangoni tofauti aliyotoka nayo nyumbani, kisha inabidi ajifunze upya. "Know" nalo ni hivyo hivyo: vite ni kujua jambo, kjenne ni kumfahamu mtu, kunne ni kuimudu lugha au kazi.

Hapo ndipo ninapoitetea kamusi ya Einar Haugen ya mwaka 1965, iliyotolewa Oslo na Madison, Marekani. Haugen alikuwa mwanaisimu mzaliwa wa Iowa, mtoto wa wahamiaji wa Kinorwei, na alimwandikia msomaji wa Kiingereza tangu ukurasa wa kwanza. Jinsia ipo, Bokmål na Nynorsk zimo katika kitabu kimoja kwa alama za kuzitenganisha, na toni imeonyeshwa. Toni si pambo. Kwa matamshi ya Oslo, bønder (wakulima) na bønner (maharagwe) hutofautiana kwa toni peke yake, kama barabara ya lami na barabara ya "sawasawa" zinavyotenganishwa na mkazo. Humo pia mna tahajia za kale kama efter, nu na sprog, ambazo anayesoma maandishi ya zamani atakutana nazo kila ukurasa.

Wanaoipinga hawajakosea. Ni ya upande mmoja, Kinorwei kwenda Kiingereza, kwa hiyo haikusaidii kuandika. Msamiati wake umepitwa, na baadhi ya maumbo yake leo shuleni yangehesabiwa makosa. Ila pengo hilo linazibika bila senti: Bokmålsordboka na Nynorskordboka ziko bure mtandaoni, ukiandika gikk (alikwenda) zinakupeleka kwenye gå (kwenda), na jedwali zima la maumbo unalipata. Maelezo yake ni ya Kinorwei kitupu, ndiyo maana zinamchosha mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Huyo aanze na Lexin, kamusi ya mtandaoni iliyotengenezwa kwa wahamiaji, yenye picha na sauti.

Ukiwa dukani, jaribu mambo machache kabla ya kulipa. Fungua bok (kitabu): unapaswa kuona jinsia pamoja na wingi bøker. Tafuta fikk (alipata), isipokuelekeza kwenye få (kupata), iache. Angalia "think" kama kila tafsiri imepewa mfano wake. Kumbuka æ, ø na å hukaa baada ya z, kwa hiyo ål, yule samaki mkunga, usimtafute kwenye A.

Maneno ambatani yatakusumbua hata ukiwa na kamusi bora, kwa kuwa hakuna inayoweza kuyabeba yote. Likate neno kuanzia mwisho: sykehuskø ni kø, foleni, ya sykehus, hospitali. Unapoandika, yaunganishe. Lammelår ni paja la mwanakondoo. Ukiacha nafasi katikati, lamme lår, umeandika mapaja yaliyopooza.