Wenyeji wa Nizwa na Safari ya Mama

Jamaa wanaotaka kusafiri na watoto hunijia mara kwa mara kuuliza ni nchi gani nzuri ya kutembelea, nami huwajibu kwa kuwauliza kama wanakwenda na mzee wao. Naamini kwa dhati kwamba safari ya familia haipimwi kwa starehe aliyoipata yule mwenye nguvu, mwenye fedha na mwenye lugha ya kuombea njia. Hupimwa kwa mzee asiyejua kusoma kibao cha barabarani na kwa mtoto asiyeelewa kwa nini ametolewa nyumbani kwao. Mwenyeji akiwapokea hao wawili, familia nzima imepokelewa, na akiwapita kama hawapo, hakuna hoteli wala jumba la makumbusho litakaloziba pengo hilo.

Nasema hivi kwa sababu nimesafiri na mama yangu mara mbili nje ya Tanzania. Mara ya kwanza tulikwenda katika mji mmoja wa Ulaya anakoishi ndugu yangu. Hakuna aliyetukosea huko, na kila kitu kilikwenda kwa wakati wake, lakini kwa siku kumi na mbili hakuna mkazi hata mmoja wa mji ule aliyemwambia mama neno. Mama ni mtu wa Bagamoyo, ana miaka 71 sasa, na hajui kupishana na binadamu mwenzake bila kumsalimia. Siku mbili za mwanzo alisalimia kila aliyemwona kwenye ngazi za jengo, na siku ya tatu akaacha. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, alinyamazishwa mara mbili na abiria ndani ya treni kwa kuhesabu vituo kwa sauti. Tulirudi na picha nyingi na nzuri, lakini hadi leo sijamsikia mama akisimulia kisa chochote cha kule, na kwa wanaomfahamu mama, hilo ni jambo zito.

Safari ya pili ilikuwa ya Oman, miaka miwili baadaye, mwezi wa Januari ambapo joto la huko huwa limepungua. Muscat nitaipita haraka, ingawa ni mji mzuri wenye bandari ya Mutrah na msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos uliofunguliwa mwaka 2001, kwa sababu tulikaa huko kama watalii wengine tu. Kilichotubadilisha kilikuwa Nizwa, mji wa bara ulio kiasi cha kilomita 160 kutoka Muscat, ng'ambo ya milima ya Hajar, wenye ngome ya karne ya 17 na soko la mifugo la kila Ijumaa asubuhi. Sokoni hapo mbuzi huzungushwa kwa kamba ndani ya duara la wanunuzi, na anayempenda mnyama humsimamisha mchungaji, humpapasa mbuzi mgongoni na kufungua mdomo wake atazame meno. Watoto walifurahi sana. Mama alichoka.

Aliketi kwenye ukuta mfupi kando ya soko na kusema, bila kumlenga mtu, "Jamani, miguu imeniisha." Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mfuko wa mboga alisimama ghafla, akageuka na kusema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Shikamoo, bibi. Usikae hapo, jua litakupiga. Njoo huku kivulini." Mama aliitikia marahaba kwanza, kwa sababu salamu ndiyo hutangulia, kisha akamuuliza amejifunzia wapi maneno yale. Yule mama akacheka. "Nimenyonya nayo, bibi. Mama yangu yuko nyumbani, na leo ukiondoka Nizwa bila kumwona, mimi sitasamehewa."

Kwa msomaji asiyejua, Kiswahili si kitu kigeni Oman. Said bin Sultan, mtawala wa Oman, aliifanya Zanzibar kuwa makao makuu ya himaya yake katika karne ya 19, na kwa vizazi kadhaa watu walivuka bahari kwa pepo za msimu, wakaoa, wakazaa na kuzikana pande zote mbili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka Unguja, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, wakiwemo waliozaliwa na kusomea Afrika Mashariki, hata Burundi na Kongo. Ndiyo maana mshikaki wa barabarani Muscat unaitwa mishkak, na mandazi yanaitwa mandazi.

Sikwenda huko kama mtu asiyejua upande mwingine wa historia hiyo. Bagamoyo, alikozaliwa mama, ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoleta pembe za ndovu na watu waliotekwa, na sehemu ya watu hao walivushwa kwenda kuuzwa Unguja chini ya utawala huohuo wa masultani. Nilikuwa na wasiwasi juu ya namna mama mweusi wa pwani atakavyotazamwa Oman, na sitaki kudai kwamba finjani moja ya kahawa hufuta jambo la namna hiyo. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba katika nyumba ya yule mwanamke wa sokoni, alikotupeleka, jambo hilo halikufichwa. Mama yake, bibi wa nyumba, ndiye aliyelianzisha, akamuuliza mama watu wake walitoka wapi kabla ya Bagamoyo, na mama alipojibu kwamba bibi yake mzaa baba aliletwa pwani akiwa mtoto na hakuwahi kujua kwao, yule mzee aliinamisha kichwa, akamshika mama mkono, na wakakaa hivyo kwa muda bila mmoja wao kusema neno. Nimehudhuria makongamano ambayo hayakufika pale walipofika wazee wale wawili.

Chumba tulichokaribishwa kilitandikwa mazulia na kupangwa mito ukutani. Mume wangu alikuwa ameongozwa kwenye majlisi ya wanaume ng'ambo ya ukumbi, nasi tukawekewa sinia ya tende, bakuli la haluwa yenye harufu ya iliki, zafarani na marashi ya mawaridi, na kahawa. Mjukuu wa nyumba ile, kijana wa miaka kumi hivi, ndiye aliyemimina, dele la kahawa likiwa mkono wa kushoto na vifinjani vidogo visivyo na mkono vikiwa mkono wa kulia. Alimimina kidogo, akasubiri, akamimina tena. Mwanangu alikunywa cha kwanza kwa heshima, cha pili kwa shida, na cha tatu macho yakiwa yamejaa machozi kwa uchungu wa kahawa, kwa sababu kila aliporudisha finjani ilirudi imejaa, naye alikuwa ameonywa tangu Dar es Salaam asikatae chakula cha watu. Kijana wa nyumba aliona. Hakumcheka wala hakumwambia mtu mzima. Alichukua finjani tupu, akachuchumaa mbele ya mwanangu na kuitikisa mara mbili tatu kwa ncha za vidole, kisha akaifunika kwa kiganja kuonyesha kwamba imetosha. Mwanangu akatikisa yake, na kahawa haikuja tena. Uso wa mtoto yule ulivyong'aa sijapata kuuona hata siku ya matokeo ya shule.

Kufundishwa namna ya kukataa kwa adabu ni kukaribishwa kwa ndani zaidi kuliko kujaziwa sahani, kwa kuwa aliyekujazia sahani amekuhesabu mgeni, na aliyekufundisha kutikisa finjani amekuhesabu mtu atakayerudi.

Bibi wa nyumba aliondoka Unguja akiwa msichana na hakuwahi kurudi. Aliuliza habari za mji kama mtu anayeulizia ndugu, akitaja mitaa na misikiti, na akataka kujua kama Mtini wa pale mbele ya bahari bado upo. Mama alimwambia upo. Akauliza habari za Beit al Ajaib. Mama alinitazama mimi, nami ikabidi niseme kwamba sehemu ya jumba hilo ilianguka mwezi wa Desemba 2020. Yule mzee hakusema kitu. Alichukua dele mwenyewe kutoka kwa mjukuu wake na kummiminia mama.

Kuanzia saa ile safari ilikuwa ya mama. Mkwe wa nyumba hakujua Kiswahili na mimi sijui Kiarabu, kwa hiyo mazungumzo yetu naye yalipitia kwa wale wazee wawili, na mimi niliyezoea kumfasiria mama kila mahali nikawa ndiye ninayeuliza, "Amesemaje?" Kesho yake mtoto wa kiume wa familia ile alitupandisha Jebel Akhdar, mlima ambao kizuizi kilichopo chini yake hakiruhusu gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne, na mama ndiye aliyeamua tusimame wapi kutazama matuta ya mikomamanga na wapi tuswali. Binti yangu mdogo alilala mapajani mwa bibi mwenyeji njia nzima ya kurudi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza niliona maana yake kwa macho, kwa sababu hata yule mzee wa Nizwa, kwa maneno ya binti yake, alikuwa hajazungumza kiasi kile kwa miezi mingi.

Najua ukarimu wa namna hii haulazimishwi, na wala si haki kumdai mwenyeji ambaye maisha yake yameharibiwa na wageni. Huko Barcelona, mwezi wa Julai 2024, baadhi ya wakazi waliokuwa wakiandamana waliwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea, na walioandamana walikuwa na kisa chao cha kweli: kodi za nyumba zilikuwa zimepanda hadi wenyeji wanahama mitaa waliyozaliwa. Serikali inayotaka wageni wapokelewe vizuri ianze na mkazi, awe na mahali pa kulala na apate sehemu yake katika fedha inayoingia, ndipo mabango ya matangazo yatakuwa na maana.

Na hapa kwetu nasikitika. Tunajisifu kwa neno karibu, tumelichapa kwenye fulana na viwanja vya ndege, lakini nimeona familia ya kigeni ikiteremka botini Malindi, Unguja, ikazungukwa na papasi, vijana wanaowinda wageni wa kuwaongoza, saba kwa mpigo, kila mmoja akivuta begi, baba akiwa amewashika watoto kwa nguvu na bibi yao amesimama peke yake nyuma, hakuna anayemtazama kwa kuwa si yeye mwenye pochi. Simlaumu kijana anayetafuta riziki. Ningependa tu angeanza na yule bibi.

Mwezi wa Machi mama aliniomba nauli ya boti. Alivuka asubuhi, akafika Unguja kabla ya adhuhuri, na badala ya kwenda kwa jamaa zake kwanza alikwenda moja kwa moja ufukweni. Alinipigia simu nimwelekeze namna ya kuwasha kamera. Baadaye binti wa Nizwa aliniambia kwamba mama yake alishika simu ile kwa mikono miwili kwa nusu saa nzima, na kwamba mama yangu hakuwa akizungumza sana. Alikuwa anauzunguka Mtini polepole, tawi baada ya tawi, akisimama kila alipoambiwa asimame.