Kufuli kwenye sanduku la huduma ya kwanza linamlinda nani?

Pita karakana za Unga Limited, Arusha, uangalie ukutani. Sanduku jeupe lipo, msalaba upo, na kufuli lipo. Ufunguo? Anao bosi. Bosi? Katoka kidogo. Fundi akichanwa mkono na grenda, basi damu nayo imsubiri bosi arudi.

Damu nyingi hudhibitiwa papo hapo. Vaa glavu, weka gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu dakika 10 mfululizo. Usifunue kuchungulia, maana damu iliyoanza kuganda inabanduka na unaanza upya. Gozi ikiloa, ongeza nyingine juu yake. Kipande cha chuma kilichozama hakichomolewi. Kandamiza pembeni yake, mgonjwa aende nacho hospitali ya Mount Meru hivyo hivyo. Kidole kikikatika, kizungushie gozi yenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, halafu mfuko ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu ikigusa nyama yenyewe inaiharibu, na daktari hana tena cha kuunganisha.

Sasa ukibahatika kulifungua hilo sanduku, unakuta nini? Panadol, spiriti, plasta za kidole na pamba, ambayo ikigusa kidonda kibichi inaacha nyuzi humo. Glavu hakuna. Bandeji pana hakuna. Mkasi wa kukatia nguo, usiulize.

Haya, vitu vinaibwa, nakubali. Mkasi hasa una miguu. Lakini dawa yake ni kubandika karatasi yenye sahihi kwenye mlango wa sanduku badala ya kufuli: ikichanika, msimamizi anahesabu, anaandika kwenye daftari na kujazia. Kazi ya dakika tano.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imemtwika mwajiri mzigo huu, siyo fundi. Na asijifiche nyuma ya michango ya WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Fidia huja baada ya ajali, haizuii damu. Halafu aliyefundishwa huduma ya kwanza awepo kila zamu, usiku pia.

Kuungua je? Maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, siyo dawa ya meno. Tindikali ya betri ikiruka jichoni, maji hayo hayo, dakika 20 au zaidi, kope zikiwa wazi. Maji yanakatika mtaani kwenu? Wekeni dumu lenye koki, lijae kila asubuhi. Na liandikwe kazi yake kwa rangi nyekundu, la sivyo hadi saa nne litakuwa limeshaosha bodaboda.