Ramani ishikwe na mtoto

Msichana wa miaka kumi amesimama njia panda, mahindi yamemzidi kimo mara mbili. Kidole gumba chake kimebana ramani pale anapodhani yupo. Anaigeuza karatasi taratibu mpaka mshale wa kaskazini ulingane na sindano nyekundu ya dira. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anarudi kwenye karatasi. Nyuma yake baba anahema. Mkono wa baba unakuja: "Lete, nikuonyeshe." Ramani imekwenda.

Niliyaona hayo kwa familia tano au sita katika siku moja ya Oktoba, hapa Lancaster, Pennsylvania, tulipowapeleka watoto wa jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili kwenye mzingile wa mahindi. Wengi wetu ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wengine tumetoka Tanzania, Kenya na Burundi. Tangu siku ile nina msimamo mmoja, nao siusogezi: kwenye matembezi haya ramani ni ya mtoto, na mzazi asiiguse.

Kwa asiyejua, mzingile wa mahindi ni shamba ambalo mkulima hulipanda kwa kuchelewa, kwenye Juni hivi, ili Septemba na Oktoba mabua yawe bado yamesimama. Mahindi yakiwa machanga, njia hukatwa ndani yake kwa kufuata mchoro, na watu hulipa kiingilio waje kupotea humo. Mzingile wa kwanza wa namna hii nchini Marekani ulifunguliwa mwaka 1993 huko Annville, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka hapa. Aliyeuanzisha ni Don Frantz, na ukiutazama kutoka angani ulikuwa na umbo la dinosaria.

Wazee wetu hawakulipenda wazo hili. "Mahindi ni chakula, mtayachezeaje?" Ninawaelewa. Nimekulia Ismani, Iringa, na kwetu mtoto aliyevunja bua ovyo alichapwa. Niliwaeleza kwamba msimu ukiisha mahindi haya ya njano huvunwa yakawa chakula cha ng'ombe, na kwamba kanuni ya kwanza ya siku yetu ni kutopenya ukuta wala kukanyaga shina. Walikubali, ingawa mzee mmoja alishinda akiokota masuke yaliyoanguka na kuyapanga ukingoni.

Kuzurura tu ndani ya mzingile hakumfundishi mtoto chochote. Baada ya dakika ishirini miguu inachoka, mdogo analia, na mtu mzima anatoa simu. Simu yenyewe haisaidii. Hata kwenye anga wazi, hitilafu yake hufika kama mita tano, wakati huku mistari ya mahindi kwa kawaida hupandwa sentimita 76 kutoka mmoja hadi mwingine. Ukuta wa mistari mitano haufiki hata mita nne. Ile nukta ya bluu inakuweka njia ya jirani, unaifuata, unakwama.

Orientaringi, yaani mbio za ramani na dira, ni jambo jingine kabisa. Kila mtoto anapewa ramani yenye vituo vilivyochorwa duara, anavitafuta kwa mpangilio, na akifika anakuta kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe, sentimita 30 kila upande, kikiwa na panchi inayotoboa alama yake ya pekee kwenye kadi. Mchezo huu ulianzia Skandinavia. Mwaka 1919 kiongozi wa skauti wa Sweden, Ernst Killander, aliona vijana wanazichoka mbio za uwanjani, akaandaa shindano nje ya Stockholm lililokusanya watu zaidi ya 200. Aliwapa ramani na dira, akawaachia msitu wachague njia wenyewe. Kuchagua njia ndiko kiini cha mchezo wote. Ukimnyang'anya mtoto hilo, umemwachia kutembea tu.

Na mahindi ni shule nzuri ya mwanzo. Msituni kuna kilima, mwamba au kijito cha kukukumbusha ulipo. Humu kuna kona, njia panda na kaskazini, basi. Kosa linajitokeza ndani ya dakika moja: ramani inasema njia inapinda kulia, wewe unaiona inapinda kushoto. Mtoto anarudi njia panda ya mwisho aliyokuwa na hakika nayo, anaanza upya. Na hata akipotea kabisa, yumo ndani ya ekari chache zenye ukingo unaojulikana, hakuna mto wala barabara.

Jua nalo lilitufundisha. Sisi wa Iringa tumezoea jua la Oktoba linalokaa utosini mchana, kivuli kimejificha chini ya miguu. Hapa mwezi huohuo halipandi zaidi ya nusu ya anga hivi, linapita upande wa kusini. Saa saba mchana kivuli chako kinalala kuelekea kaskazini. Tuliwasimamisha watoto uwanjani kabla ya kuingia, kila mmoja akatazama kivuli chake, kisha dira. Mvulana mmoja alipiga kelele, "Vinalingana!" Baadaye aliangusha dira kwenye matope akamaliza vituo vyote kwa kivuli.

Kwa wanaotaka kuandaa, ombeni mkulima awaruhusu asubuhi kabla wateja hawajaja, na nendeni mapema katika msimu. Ikifika mwisho wa Oktoba, watu wasio na adabu wameshatoboa kuta, na kuna vijia ambavyo havimo kwenye ramani yoyote. Chora mstari wa kaskazini kwenye ramani ya shamba kwa dira, si kwa kukisia. Na aliyeweka vibendera asiwe ndiye anayevikagua. Mara ya kwanza niliviweka peke yangu, nikakosea kituo cha saba kwa njia panda moja. Watoto sita walikitafuta karibu nusu saa, wakaamini kwamba hawajui kusoma ramani, kumbe walikuwa sahihi na mimi ndiye niliyepotea. Nilimwomba radhi kila mmoja wao. Bado inaniuma.

Hesabuni watu. Kila anayeingia aandikwe, na kila anayetoka apite mezani, hata kama hakukipata kituo hata kimoja. Mwaka 2011 huko Danvers, Massachusetts, familia yenye mtoto mchanga iliingiliwa na giza ndani ya mzingile ikalazimika kupiga 911, namba ya dharura, na ilipopatikana ilikuwa hatua chache tu kutoka ukingoni. Kila mtoto wetu huvaa filimbi shingoni, na milio mitatu maana yake njooni mnichukue.

Meza ya hesabu aliishika mama mmoja mzaliwa wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Tulipofika alisimama mbele ya lango akasema yeye ndani ya mahindi marefu haingii, aliwahi kulala humo siku tatu na wanawe. Hatukumuuliza zaidi, na nawasihi waandaaji wenzangu msimsukume mtu wa namna hiyo. Aliketi na daftari mpaka wa mwisho alipotoka, na mtoto wake mdogo, aliyezaliwa hapa, aliingia na kutoka mara tatu.

Wazazi wananiambia mtoto ataogopa. Ndiyo, ataogopa kidogo. Lakini hebu tuangalie tunachowabebesha tayari. Yule msichana wa miaka kumi ndiye anayemtafsiria baba yake kwa daktari. Ndiye anayesoma barua za mwenye nyumba na za shule, na anayepiga simu kampuni ya umeme kwa sauti ya kujikaza. Tunamwamini kwa mambo mazito kuliko umri wake kwa kuwa hatuna jinsi, halafu siku moja ya mchezo, mahali ambapo kukosea hakumgharimu chochote, tunamnyang'anya karatasi. Nililisema hili kanisani na baadhi ya akina baba walikasirika. Baba wa yule msichana hakukasirika. Alinyamaza, kisha akaniuliza tunarudi lini.

Kanuni tunayotumia sasa ni hii. Kwa walio chini ya miaka kumi na miwili, mtu mzima anafuata hatua kumi nyuma, mikono yake mitupu. Anaruhusiwa swali moja tu: "Kaskazini ni wapi?" Wakubwa wanaingia wawili wawili bila mtu mzima, kwa kupishana dakika mbili.

Mwaka huu tunakwenda mapema, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Nimechapisha ramani arobaini, na nyuma ya kila moja nimeandika jina la mtoto kwa mkono. Akina baba na akina mama, pale mezani kutakuwa na chai ya tangawizi na maandazi, na nafasi ya kukaa.