Mpira unapopinda Nangwanda: ni mguu au ni hewa?

Faulo moja ikipinda na kuzama wavuni pale Uwanja wa Nangwanda Sijaona, vijiwe vya Mtwara vinapata kazi ya wiki nzima. Kuna wanaosema hewa ya huku ni nzito kwa sababu ya bahari: mpira hautembei, timu za nyanda za juu zikija mashuti yao yanadondoka kabla ya kufika, na za kwetu zikipanda Mbeya kila kombora linapaa juu ya mtambaa panya. Wengine hawataki hata kusikia habari za hewa. Kwao mpigaji ni mpigaji, na mguu unaojua kazi hauulizi upo Mtwara au Makete.

Kwa maoni yangu, watu wa hewa wana haki kuliko wanavyopewa, ila wanaishtaki hewa kwa kosa lisilo lake.

Tuanze na wa mguu, maana hoja yao ina umri mkubwa. Mwaka 1672 Isaac Newton aliandika jinsi mpira wa tenisi uliopigwa kwa raketi ya kuinamisha unavyokwenda kwa kupinda. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins, aliyekuwa akichunguza bunduki, alieleza kwamba risasi za duara zinaacha njia kwa sababu zinajizungusha zikiwa hewani. Jina lililobaki, hata hivyo, ni la Mjerumani Heinrich Gustav Magnus, aliyelifanyia jambo hili majaribio mwaka 1852, na hadi leo linaitwa athari ya Magnus.

Hakuna uchawi ndani yake. Mchezaji wa mguu wa kulia akiugonga mpira ubavu wake wa kulia kwa ndani ya mguu, mpira unakwenda mbele huku ukijizungusha kuelekea kushoto. Ubavu wa kushoto unakimbia pamoja na hewa inayopita, wa kulia unapingana nayo. Hewa ya kushoto inapita kwa kasi zaidi na mgandamizo wake unapungua, ya kulia inacheleweshwa na mgandamizo wake unapanda, basi mpira unasukumwa kushoto. Hayo ndiyo maelezo ya darasani na si ya uongo, lakini yanaishia njiani. Vipimo vinaonyesha kwamba hewa inayouacha mpira kwa nyuma inatupwa upande wa kulia, na mpira unajibu kwa kwenda kushoto, kama kasia linavyosukuma maji upande mmoja na mtumbwi ukageukia wa pili.

Sasa tuweke namba, kwa sababu bila namba ubishi huu hauna mwisho. Faulo nzuri ya mita 25 hadi 30 inatoka mguuni kwa kasi ya karibu kilomita 90 kwa saa, na mpira unajizungusha mara nane hadi kumi kwa sekunde. Kwa mzunguko huo, hewa ya usawa wa bahari inausukuma pembeni kwa nguvu inayokaribia robo tatu ya uzito wa mpira wenyewe. Mpaka unafika golini umehama kama mita nne kutoka kwenye mstari ulioanza nao. Goli zima lina upana wa mita 7.32. Kwa hiyo mpigaji mwenye mguu ana uwezo wa kuuhamisha mpira zaidi ya nusu ya goli, na akipunguza mzunguko, mkunjo nao unapungua. Hewa ni ileile, mpira ni uleule, kilichobadilika ni namna ya kugonga.

Ushahidi wanaoupenda watu wa mguu ni ule wa tarehe 3 Juni 1997 mjini Lyon, Brazil dhidi ya Ufaransa. Roberto Carlos wa Brazil alipiga faulo kutoka kama mita 35, kwa nje ya mguu wa kushoto. Mpira ukapita mbali kulia mwa ukuta, mwokota mipira aliyekuwa pembeni ya goli akainamisha kichwa, kisha ukarudi, ukagonga nguzo na kuingia. Kipa Fabien Barthez hakusogea. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walitoa maelezo: mpira unapoteza kasi haraka kuliko unavyopoteza mzunguko, kwa hiyo kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo mkunjo unavyokaza. Ndiyo maana bao la namna ile halipatikani kwa faulo ya mita 18. Mpira unafika kabla haujapata nafasi ya kugeuka.

Mpaka hapo watu wa mguu wanaongoza. Lakini kuna swali ambalo mara nyingi hawaulizwi: hizo mita nne zimetoka wapi? Mguu hauna mkono wa kuusukuma mpira ukiwa tayari angani. Mguu unatoa mzunguko tu, anayesukuma ni hewa. Na hewa ikipungua, msukumo unapungua.

Chukua Mtwara mjini, karibu kabisa na usawa wa bahari, jioni yenye nyuzi 30. Mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito wa kilo 1.16 hivi. Panda hadi Uwanja wa Sokoine, Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, jioni ya nyuzi 20, na uzito huo unashuka hadi karibu kilo 0.98. Ni pungufu la kama asilimia 15. Ile faulo iliyohama mita nne Nangwanda itahama kama mita 3.4 Sokoine, kwa mguu uleule na mzunguko uleule. Tofauti ni sentimita 60. Mpigaji aliyezoea kulenga nje ya nguzo na kuuachia mpira urudi, Mbeya atauona ukipita nje. Ukiongeza kwamba hewa nyepesi haiuzuii mpira sana, unafika mapema, na ule unaotegemewa udondoke nyuma ya ukuta unachelewa kudondoka. Malalamiko ya kwamba mashuti "yanapaa" si visingizio vitupu.

Kwa hiyo Namungo ya Ruangwa, ilipokwenda Sumbawanga mwaka 2020 kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba, ilikuwa ikiingia kwenye hewa nyingine kabisa, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Sisemi kipigo cha 2-1 kilitokana na hilo. Simba nao hukaa Dar es Salaam, usawa wa bahari, wala hawakuwa na faida yoyote ya hewa siku ile. Nasema tu kwamba wapigaji wa timu zote mbili walikuwa na sababu ya kufika mapema na kupiga mipira mingi ya majaribio.

Hapa ndipo watu wa hewa wanapojiharibia wenyewe, kwa kutaja unyevu. Eti hewa ya pwani imejaa maji, ndiyo maana ni nzito. Ni kinyume. Chembe ya mvuke wa maji ni nyepesi kuliko chembe za naitrojeni na oksijeni inazochukua nafasi yake, hivyo hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kwa joto la Mtwara tofauti ni kama asilimia moja. Joto lenyewe lina nguvu zaidi: kutoka nyuzi 24 za asubuhi hadi 32 za mchana hewa inapungua uzito kwa asilimia kama 2.6, ambayo kwenye faulo yetu ni sentimita kumi na kidogo. Na mgandamizo wa hewa hapa pwani hubadilika kidogo mno kutoka siku moja hadi nyingine, hautoshi kumfanya mtu aseme "leo hewa nzito" na akawa sahihi. Hewa yetu ni nzito kuliko ya Mbeya kwa sababu tupo chini. Bahari haijaongeza chochote.

Watu wa mguu nao wana hila yao: ukiwatajia mwinuko watakwambia ni habari ya pumzi tu. Wanatoa mfano wa La Paz, Bolivia, zaidi ya mita 3,600, ambako Argentina ya kocha Maradona ilipigwa 6-1 Aprili 2009. Kweli, pumzi ni sehemu kubwa, hakuna anayebisha. Lakini kule hewa imebaki kama theluthi mbili tu ya ya pwani, na kipa aliyezoea mpira wa baharini anaupokea ukiwa na kasi asiyoitarajia. Ni vigumu kuyatenganisha hayo mawili kwa mechi moja, na anayedai ameyatenganisha anatania.

Ugumu huohuo ulionekana Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini. Makipa waliulalamikia mpira wa Jabulani kwamba unayumba. Johannesburg ipo juu kama Mbeya, kwa hiyo wengine wakasema ni mwinuko. Lakini mechi zilichezwa pia Durban na Cape Town, miji ya bahari, na malalamiko yalikuwa yaleyale. NASA, shirika la anga la Marekani, walipoupima mpira huo kwenye mtambo wa upepo walikuta kwamba, kwa kuwa ulikuwa na vipande vinane tu na sura laini, uliyumba zaidi kwenye kasi ya karibu kilomita 80 kwa saa, yaani kasi ya faulo. Hiyo ni habari ya mpira usiozunguka, ule ambao Mbrazili Juninho wa klabu ya Lyon alikuwa bingwa wake. Bila mzunguko hakuna msukumo wa upande mmoja, hewa inauachia mpira mara huku mara kule, na hata mpigaji hajui utaangukia wapi. Hapo mguu umeamua kuiachia hewa kazi yote.

Jambo hili wanaocheza mchangani wanalijua bila mtambo. Mpira wa plastiki ulio laini kabisa unaweza hata kupinda upande wa pili, kinyume na mzunguko uliopewa, na watu wa sayansi wamelithibitisha hilo kwa matufe laini kwenye kasi fulani. Wa chandimu, wa makaratasi na kamba, una mikunjo kila mahali na hewa inaushika vizuri. Shida yake ni umbo, kila ukizunguka unakuwa mpira mwingine.

Tuje kwenye upepo uliomo ndani, kwa sababu nao unachanganywa humu. Sheria inataka mpira wenye uzito wa gramu 410 hadi 450, ujazwe hadi mgandamizo wa 0.6 hadi 1.1 kwa kipimo cha angahewa, na inataja wazi kwamba ni kwa usawa wa bahari. Wengi wanaamini mpira uliojazwa sana "unaelea". Hauelei. Kuongeza nusu angahewa kunauongezea mpira kama gramu tatu, basi. Kinachobadilika ni mguso: mgumu unaruka kwa kasi mguuni, laini unabonyea. Safari ya angani haijali. Ila mpira uliojazwa Mtwara hadi 0.8 ukipelekwa Mbeya bila kuguswa utasoma zaidi ya 0.9, kwa kuwa hewa ya nje imepungua. Timu ikiubeba wa mazoezi kutoka huku, ikaufanyia mazoezi kule bila kuupima, itajilaumu kwa mashuti ambayo kosa ni la sindano na pampu. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi.

Nimeacha upepo wa nje mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndio mshtakiwa halisi. Kusi inayovuma kilomita 18 kwa saa si dhoruba, inatikisa tu makuti. Lakini mpira wa kilomita 90 ukipigwa kuikabili, hewa inaupita kwa 108, na kwa kuwa ukinzani unakua kwa mraba wa kasi, unapanda kwa asilimia 44. Ukipigwa pamoja nayo, unashuka kwa asilimia 36. Linganisha na ile asilimia 15 ya safari nzima ya kupanda Mbeya. Mgeni ambaye mashuti yake yanadondoka Nangwanda kipindi cha kwanza na kufika kipindi cha pili hajakutana na hewa nzito. Amekutana na upepo, kisha akabadilisha goli.

Hili lina matumizi kuliko ubishi wote huo. Sheria inamruhusu nahodha aliyeshinda kura ya shilingi achague goli la kushambulia. Manahodha wengi hupenda upepo uwe wao kipindi cha pili, "tumalizie nao". Lakini mechi ikianza saa 10 jioni, upepo wa baharini wa kawaida hulegea jua likielekea kuzama, na dakika za mwisho anaweza kukuta bendera ya kona imelala. Mimi ningeuchukua mapema, nipige faulo na kona zangu ukiwa bado hai. Isipokuwa siku ambayo kusi imekaza tangu alfajiri na haionyeshi dalili ya kuchoka. Hiyo ningeanza kuikabili, miguu ikiwa bado mibichi.