Testarossa ya Modena na Pijo ya Baba Mdogo

Wiki iliyopita ililetwa gereji kwetu, hapa Modena, Ferrari Testarossa nyekundu ya 1985. Inauzwa. Mimi ndiye niliyepewa kuiosha, na mikono ilinitetemeka. Ni ya toleo la mwanzo, lenye kioo kimoja tu cha pembeni kilichopachikwa juu kwenye nguzo ya mlango, na rangi bado ni ya kiwandani.

Injini yake ya silinda 12, nguvu farasi 390, niliisoma tangu utotoni. Kilichonishika ni faili. Kila risiti imo. Kubadilisha belti za taimingi za gari hili, mikanda ya mpira inayofanya sehemu za injini zizunguke kwa mpangilio, lazima injini nzima ishushwe, kazi ya siku kadhaa na pesa nyingi, na mwenyewe alizibadilisha hata miaka ambayo gari halikutembea, kwani mpira huzeeka hata ukiwa umelala.

Nikamkumbuka baba mdogo na Pijo (Peugeot) 504 yake iliyobeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi. Jambo hili nimelijua nikiwa huku: umbo la 504 lilichorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kuchora magari, walewale walioichora Testarossa. Tena 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978! Ile yetu ilikatwakatwa ikauzwa kwa kilo, vyuma vikuukuu, bila hata picha moja.

Nikisema haya, ndugu hunijibu kwa simu, "Wazungu wana pesa." Kweli, mwenye karo ya watoto wanne hawezi kulaza gari miaka arobaini. Lakini baba mdogo alibadilisha oili kwa wakati, na kila sauti ya injini ile aliijua. Yote yalikaa kichwani mwake. Daftari ni bei ya chai na mandazi.

Huku Italia gari la mtu binafsi lililozidi miaka 30 husamehewa kodi ya kila mwaka. Kwetu Kenya lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Sheria yetu siipingi, moshi wa magari mabovu nimeuvuta. Ila imetuzoesha kuona uzee wa gari kuwa aibu, na hapo nakataa.

Jana nilimpigia baba mdogo. Namba ya usajili aliitaja bila kusita, na ufunguo bado anao, unaning'inia msumarini jikoni. Nikamwomba aniandikie: aliinunua lini, iliharibikia wapi, fundi alikuwa nani.

"Ya nini, mwanangu, na gari lenyewe halipo?"

Nimemtumia pesa ya daftari.